Mkono wa Bikombo

Pwani ya Chazani, enzi hizo, mtu hakuuamini mdomo wa mvuvi. Aliamini kiganja chake. Na mtu wa kuvijua viganja alikuwa Mize binti Shaame, ambaye kila asubuhi, vihori vya umeme vikishapandishwa mchangani, alijipitisha kati ya wanaume na kikapu chake kama ajuza anayesaka kitoweo cha bure, akampa kila mmoja mkono wa kulia.

"Shikamoo, bibi," alisema Ngwali, mvuvi wa madema, ile mitego ya kusuka.

"Marahaba. Lete mkono."

Kiganja cha Ngwali kilikuwa na jasho jepesi, na kidole kimoja kilikuwa kikirukaruka chenyewe. Sawa. Dema likitua chini hukandamiza majani ya bahari kidogo, na mwenye dema huwashwa kidogo, kama mtu aliyekalia siafu mmoja. Ngwali alikuwa akiwashwa kwa haki yake. Mize akamwacha aende.

Aliyefuata alikuwa Asaa, kijana mpana wa mabega, mwenye kicheko cha kuambukiza watu. Mwaka uliopita alikuwa na juya, ule wavu mrefu wa kukokota, wenye mawe ya kuuzamisha hadi sakafuni. Sasa alisema ameacha, anavua kwa mshipi tu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, baba. Umepata nini?"

"Riziki."

Mize akaupokea mkono wake akaushikilia muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kiganja kikavu, cha baridi, kimetulia kama cha maiti aliyekufa kwa raha. Akachungulia ndani ya kihori. Tasi. Tasi watupu, wamejaa mpaka kwenye viti.

"Tasi wote hawa wamekula ndoana?"

"Walikuwa na njaa, mama."

"Tasi anakula majani, Asaa. Ulimtegea mchicha?"

Wanaume wakacheka na Asaa akacheka nao, ila macho yake hayakucheka. Mize akapokea tasi wawili aliopewa, maana shaka ni kitu kimoja na mchuzi ni kitu kingine, akaondoka.

Aliangalia kifundo cha mkono wa kila aliyempita; cha Asaa kilikuwa kimefunikwa na mkono wa shati. Kikuku kwa kila mvuvi, ndiyo sheria. Chini, juu ya sakafu ya bahari, ulilala Utando: ngozi nyembamba mfano wa ile inayoganda juu ya maziwa ya moto, iliyotandazwa zama za mama zao, bahari ilipokuwa imebaki maji na mchanga tu. Ukaota. Ukashikana na majani, na matumbawe, na sifongo, na kombe, mpaka haikujulikana tena wapi inaishia bahari na wapi unaanza Utando. Kilichoumia huko chini kiliumia kwenye kikuku cha aliyekiumiza. Ndoana ilitekenya. Dema liliwasha. Chuma cha kuchokolea pweza kilifinya. Juya lilichoma, na waliotunga sheria hawakujisumbua kulikataza, kwa kuwa walidhani hakuna mwenye akili zake atakayelikokota mara mbili.

Waliotunga sheria hawakuwa watu wa Chazani.

Hapa watu walijaribu kila kitu. Injini ya kihori haikuwaka mpaka kikuku kihisi mshipa wa damu unaopiga, tena damu ya nyumba hiyohiyo iliyosajiliwa. Bwana mmoja alimvisha mbuzi. Injini haikuwaka, na mbuzi alikitafuna kikuku akaharisha cheche siku nzima. Tangu hapo wakasema hakidanganyiki, wakatulia.

Mize hakutulia. Alisimama mbele ya ubao wa pwani, ule uliotundikwa ukutani sokoni, unaoonyesha hali ya chini: penye uhai pana kijani, penye kufa pana rangi ya majivu. Ubao ulisema wapi. Haukusema nani, kwa kuwa wanakijiji walikataa kuchunguzwa mmoja mmoja, wakasema mwenye kuumiza atajijua. Na katikati ya Fungu la Kanga, ule mchanga unaoibuka maji yakikupwa, pale wanawake wanapookota kombe na kuchokoa pweza, palikuwa na mchirizi wa majivu, mpana, umenyooka kama njia ya gari.

"Vyuma vyenu hivyo," alisema Ngwali nyuma yake. "Mnapindua mawe hamyarudishi."

"Na madema yako yana miguu, yanatembea kwa mstari?"

"Mimi sijui. Mwenyekiti Khatibu kasema Ijumaa baada ya Alasiri ni mkutano. Asipojitokeza mtu, Fungu linafungwa. Kwa wote."

Kwa wote maana yake ilikuwa kwa wanawake. Wanaume walikuwa na bahari nzima ya kwenda. Wanawake walikuwa na Fungu, na miguu yao.

*

Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yalipokupwa, wanawake walitembea mpaka kwenye Fungu, kila mmoja na chuma chake na kikapu. Mize alipindua jiwe, akamtoa pweza, akamgeuza kichwa kabla hajajua kinachoendelea, akapiga hatua. Kikuku kikamfinya.

"Haya, haya," alikiambia. Akarudi akaliweka jiwe kama alivyolikuta, upande wenye vijidudu chini. Finyo likalegea. Alikuwa na miaka mingi ya kufinywa hivyo, na alikiri, peke yake tu na si mbele ya Ngwali, kwamba kabla ya kikuku hakuwahi kurudisha jiwe hata moja.

Kisha wakaufikia mchirizi.

Majani yalikuwa yamenyolewa. Si kukatwa, kunyolewa, mizizi juu. Kombe waliosimama wima mchangani kwa miaka walikuwa wamevunjwa midomo, wakubwa kwa watoto. Sifongo kubwa la rangi ya manjano, ambalo wanawake walilitumia kama alama ya njia, lilikuwa limelala kifudifudi, na jongoo bahari mmoja alikuwa akizunguka palepale, kama mzee aliyekuta nyumba yake imebomolewa akadhani amekosea mtaa. Ukingoni mwa mchirizi kulikuwa na alama za mawe ya uzito, moja baada ya moja, kama nyayo.

Mize akachutama akatia mkono ndani ya alama. Kikuku chake kikakaa kimya. Kikuku hakikupi uchungu wa mwenzio.

Kwa hiyo kuna mtu anaungua, aliwaza. Juya hilo limemchoma mtu. Yuko wapi huyo mtu, na mbona hapigi kelele?

*

Alitoka huko akapitia kwa Bikombo, na hakupitia kwa shaka. Alipitia kwa sababu kila siku alipitia. Bikombo alikuwa somo yake tangu wakiwa wari. Walifundwa pamoja, wakaolewa mwaka mmoja, wakawasengenya waume zao mpaka walipowazika. Kisha Bikombo akapata kiharusi. Mguu ulirudi kidogo, maneno yalirudi yote, kwa bahati mbaya ya mkamwana wake, lakini mkono wa kulia haukurudi. Hospitali walisema umekwisha.

Watu wengine walipomsalimia walishika ule wa kushoto uliobaki mzima. Mize hakufanya hivyo. Kumpa somo yako salamu ya kushoto ni kumwambia amekwisha kuwa nusu mtu. Kila siku aliunyanyua ule wa kulia kutoka mapajani mwa Bikombo, mzito, umelegea kama kitambaa kilichotoka majini, akaubusu, akaurudisha mahali pake.

"Asalaam alaykum, somo."

"Waalaykum salaam. Unanuka pweza."

"Nanuka kazi." Mize akaunyanyua mkono.

Mkono ukamshika.

Si kwa nguvu. Vidole vilifunga, vikalegea. Vikafunga tena, vikalegea, kwa kiasi kilekile, kama mtu anayevuta kamba na kupumua, anavuta na kupumua. Mize akainua macho. Bikombo alikuwa ameuma mdomo wa chini, na machozi yalikuwa yakimtoka bila uso wake kulia.

"Uache," Bikombo alisema taratibu.

Mize hakuuacha. Alisukuma mkono wa gauni juu. Juu ya kifundo palikuwa na kitambaa kimezungushwa, kinanuka karafuu, kama cha dawa ya kuchua. Chini ya kitambaa kulikuwa na kitu kigumu cha mviringo.

"Mwanao Asaa yuko wapi?"

"Baharini."

"Anavua kwa mshipi."

"Mize," alisema Bikombo, "funga mlango."

Akaufunga.

"Alikuja nacho akaniambia, mama, nishikie tu hiki, mkono wenyewe umekufa, hutahisi kitu," alisema Bikombo. "Damu yake ni damu yangu, injini ikawaka. Na kweli mara ya kwanza sikuhisi. Mara ya pili nikahisi kama mtu ananiita kwa mbali. Sasa..." Vidole vikafunga. Akangoja vilegee. "Sasa nawaka mpaka begani."

"Inauma vipi?"

"Kama kuzaa."

"Na unanyamaza."

"Na kuzaa tulizaa." Bikombo akafuta machozi, na Mize akaona kwamba amefuta kwa mkono uleule. "Jana nimeshika kijiko, Mize. Juzi nimejifunga kanga mwenyewe, ikasimama. Unajua nilivyokuwa naoshwa? Yule mke wa Asaa ananisugua kama sufuria, na simu iko sikioni anaongea na dada yake. Ananipindua kama wewe unavyopindua mawe, tena bora wewe unarudisha."

"Asaa anajua kuwa unaumia?"

"Akijua ataacha. Ananipenda yule mjinga." Akamtazama Mize kwa jicho la zamani, la wakati wakiiba maembe mabichi. "Kwa hiyo hajui. Wala wewe hujui."

Mize akatoka na pweza wake. Nyumba ile aliyokuwa akiingia bila hodi, leo alitoka akiyatazama madirisha yake.

*

Raya, fundi wa vikuku, alikuwa na kibanda chake kando ya soko, na mdomo uliojaa bisibisi.

"Nina swali la kipuuzi," Mize alisema.

"Yako yote ni ya kipuuzi, bibi. Kaa."

"Kikuku kikivishwa mkono uliopooza?"

Raya akatoa bisibisi mdomoni. "Kitafanya kazi. Kikuku hakipigi ngozi. Kinapiga mshipa wa fahamu, kinatuma mapigo mpaka kichwani. Mkono uliopooza mara nyingi hauna ubovu wenyewe, njia ya kutoka kichwani ndiyo imeziba. Ukiipiga njia sana, tena kwa nguvu, inaweza kufunguka."

"Na ukiacha kuipiga?"

"Labda itabaki wazi. Labda itaziba. Sijawahi kuona."

"Basi mpige mtu kidogokidogo na kikuku chenye uchungu wa kubuni. Wa dawa."

"Hakuna uchungu wa kubuni. Wamekifunga hivyo makusudi, ili mtu asije akamtesa mwenzake kwa kubonyeza kitufe. Kinachosikika ni kile tu kilichoumia chini." Raya akamwangalia. "Na ndoana haitoshi, wala dema. Kwa mkono uliokufa lazima kiwe kitu kama juya. Nani anauliza?"

"Mimi. Goti langu."

"Goti halivai kikuku, bibi."

"Ndiyo maana nikakwambia ni swali la kipuuzi."

Akaondoka akijua kwamba Raya hakumwamini, na kwamba yeye mwenyewe, angekuwa Raya, asingeamini. Njiani aliona kila mtu anamtazama. Mama muuza maandazi alimtazama. Ngwali alimtazama. Alijikuta ameficha mkono wake ndani ya kanga, kama kwamba siri ya Bikombo imemrukia na sasa imo kifundoni mwake.

Alipima huku na huku. Upande mmoja mwanamke mmoja anashika kijiko. Upande wa pili kombe waliovunjwa midomo, na wanawake wa Chazani wamekaa vibarazani Ijumaa hii na Ijumaa nyingine zote, bila pa kwenda maji yakikupwa. Hukumu ilionekana nyepesi. Lakini kila alipoiona nyepesi, kiganja chake kilikumbuka vile vidole vinavyofunga.

Alhamisi akarudi.

"Kesho nitasema," alimwambia Bikombo, kabla hata ya kukaa. "Sikutaka uyasikie mara ya kwanza mkutanoni. Na kama utataka kusema mwenyewe, sema, mimi nitanyamaza."

Bikombo alivitazama vidole vyake.

"Fungu litaota tena," alisema hatimaye. "Majani yanaota. Mimi nitaota?"

"Haliwezi kuota likinyolewa kila siku."

"Mwache anyoe mwezi mmoja tu."

"Na mwezi ukiisha utaniambia vidole bado havijakamilika."

"Wewe una mikono miwili, Mize, unaongea kwa raha."

"Naongea kwa raha? Nimekesha kama naumwa jino."

"Toka," alisema Bikombo. Mize alipoinama kuupokea mkono wa kuaga, mkono ukamfinya. Finyo la kweli, la nyama, kucha zikaingia. Ndilo jambo la mwisho alilotoka nalo mle ndani, alama nyekundu kwenye kiganja, na hakujua kama ni kwaheri au ni onyo.

*

Sokoni palijaa. Samaki walikuwa wameondolewa, harufu yao haikuondoka. Mwenyekiti Khatibu, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuadhini, alikuwa amesimama chini ya ubao, na mchirizi wa majivu ulikuwa nyuma ya kichwa chake kama kilemba kilichofunguka.

Asaa alimleta mama yake kwenye kiti cha magurudumu, akamweka mbele, akamfunika shuka magotini kwa uangalifu. Mize aliona jinsi alivyoulaza ule mkono wa kulia juu ya shuka, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Alimwona Bikombo anatazama mbele. Hakumtazama Mize hata mara moja.

Amemwambia mwanawe, aliwaza Mize. Wamepanga. Nitasimama, mkono utakuwa mtupu, nitakuwa bibi kizee mwongo aliyewasingizia wagonjwa. Kitambaa cha dawa kilikuwapo, ndiyo, lakini kitambaa si kikuku.

"Naanza," Khatibu alisema. "Fungu linauawa. Ubao umesema wapi, hausemi nani. Ninauliza mara moja tu. Anayejua, anyooshe mkono."

Wanawake waliwatazama wanaume. Wanaume waliwatazama wanawake. Ngwali alijikuna kifundo, watu wakamgeukia, akaacha kujikuna.

Mize akasimama. Magoti yalilia yote mawili.

"Mimi najua," alisema. Akaona kicheko cha Asaa kinakauka kidogo kidogo, kama maji kwenye sinia. "Kuna mkono mmoja hapa Chazani..."

Akanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama tena.

Mkono wa Bikombo ulikuwa unapanda. Ulitetemeka kwenye kiwiko, ukasimama kama unaofikiri, ukaendelea. Ulipofika usawa wa sikio, kitambaa kilifunguka kikateleza mpaka kiwiko, na kikuku kikang'aa mbele ya soko zima. Watu waliokuwa wameuona mkono ule umekufa miaka yote hiyo walikodoa macho kama waliomwona aliyezikwa anapita kununua mkate.

"Nimenyoosha," alisema Bikombo. "Niandikeni."

Asaa hakukitazama kikuku. Alikuwa akitazama vidole.

"Mama. Umepona? Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunichoma."

Neno lilimwingia polepole. Asaa alipiga magoti kwenye saruji yenye magamba, akaushika mkono wa mama yake kwa mikono yake yote miwili, akawa anaugeuza, anautazama juu na chini, kana kwamba angeona mahali palipoungua.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nashika kijiko, baba. Mtu akishika kijiko mdomo una kazi nyingine."

Khatibu alikohoa. Alisema yale ambayo uenyekiti ulimtaka aseme: kwamba juya litachomwa moto, na kwamba kikuku kirudi kwa mwenyewe, hapa, mbele ya watu. Asaa mwenyewe alikuwa ameshakifungua. Akakivaa. Kikalia mlio mdogo, kikaitambua damu.

Sakafu ya bahari haiponi kwa sababu watu wamefanya mkutano. Mchirizi wote ule, majani yote yale, kombe wote wale walikuwa bado wanauma, na wote walikuja mara moja. Asaa alijikunja mpaka paji la uso likagusa saruji. Sauti iliyomtoka haikuwa ya kijana mwenye mabega.

Bikombo alimwekea mkono kichwani. Wa kulia, wakati bado unakwenda.

"Polepole, mwanangu," alimwambia. "Kaza meno. Ukizoea, utaweza hata kujifunga kanga."

*

Fungu halikufungwa. Bamvua iliyofuata wanawake waliuzunguka mchirizi bila kuukanyaga. Walilisimamisha lile sifongo la manjano wakaliegemeza mawe. Hawakujua kama litashika. Juya liliwaka ufukweni mchana wa jua kali, likanuka vibaya. Asaa akaanza kweli kuvua kwa mshipi, na alipompa Mize mkono asubuhi kiganja kilikuwa na majimaji, kikitetemeka kidogo, kama cha binadamu.

Mize akapitia kwa Bikombo. Alibisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ingia, mchongezi."

"Sikuchongea. Ulininyang'anya maneno mdomoni."

"Yalikuwa yanachelewa."

Mize akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akaunyanyua mkono wa kulia kutoka mapajani. Ulikuwa mzito tena. Umelegea. Kijiko kilikuwa juu ya meza, upande wa kushoto, na kanga ilikuwa imefungwa na mtu mwingine, kwa haraka. Mize akaubusu mkono, na badala ya kuurudisha akabaki nao. Nje mtu alikuwa akitwanga. Walisikiliza mtwango.

Kisha Mize akahisi kitu. Kidogo sana, katikati ya kiganja, kama pweza anayechungulia shimoni kujua aliyepo nje ni nani.

Akamtazama Bikombo. Bikombo alikuwa akitazama dari, kama mtu ambaye hana habari na dunia.

"Ni wewe?"

"Mimi nini?"

Mize akausukuma mkono wa gauni mpaka begani. Akageuza kifundo, akakagua kiwiko, akapapasa kwapani. Hakuna. Akainuka akazunguka kitanda, akakagua na ule wa kushoto. Akafunua shuka, akatazama vifundo vya miguu, maana alimjua somo yake.

"Umeridhika?" aliuliza Bikombo.

"Bado," alisema Mize, akarudi kukaa, akaushika tena mkono, akasubiri.